Barua ya Watu Wawili

Mjukuu wangu wa kike aliniletea barua yake ya kuomba kazi niisome kabla hajaipeleka. Ndani yake anasema kwamba ni mchapakazi, ni mwaminifu, anapenda kujifunza, na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nilimuuliza ni shinikizo gani hilo, akacheka, akasema ndivyo watu wote wanavyoandika. Nikamwambia kama watu wote wanaandika hivyo, basi karani atakayeisoma atasinzia kabla hajafika kwenye jina lake. Alinuna kidogo. Nilichukua kalamu nikakata nusu ya barua, nikamwambia aandike anachoweza kufanya kwa mikono yake, amtaje aliyemfundisha, na asimwombee kazi mtu mwingine ndani ya barua yake.

"Nimuombee nani tena, Babu?" akauliza.

Nilimrudishia barua yake. Karibu maisha yangu yote nimekuwa mwandishi wa barua za watu, na meza yangu pale karibu na soko la Masisi. Barua zangu zimewapa watu kazi kwenye mashamba ya kahawa, misioni, na kwenye ujenzi wa barabara. Lakini barua ya kwanza niliyoandika ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Sijawahi kuandika nyingine iliyofanya kazi kama ile, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Tulizaliwa wawili, kijijini Kingi, mimi na ndugu yangu, siku moja, tumbo moja. Papa alikuwa mtu wa milima, mkulima wa maharagwe na viazi, Mkristo wa kusali kwa sauti mpaka jirani aitikie amina. Mama alitoka upande wa Walikale, kwa watu wa msitu karibu na Kashebere. Yeye pia alibatizwa na alisali, lakini kuna mambo ya kwao ambayo hakuyaweka chini alipopanda mlima kuja kuolewa.

Mimi nilikuwa na mdomo. Ndugu yangu alikuwa na mikono. Akiwa na miaka minane alishachonga miiko, na siku moja alimtengenezea Mama kiti kifupi cha kukalia jikoni, chenye miguu mitatu. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, kwa hiyo Mama alikikalia kimeinama upande na akasema hajawahi kukalia kiti kizuri hivyo. Mwaka uliofuata, mvua zilikuwa nyingi, kifua kilimkamata Jumatatu, na Ijumaa akawa hayupo.

Nimeandika "hayupo". Unaona ninavyozunguka mpaka leo, na mimi ni mzee mwenye wajukuu.

Kwa watu wa Mama, pacha hafi. Anayesema kwa mdomo wake kwamba mmoja amekufa, amemwita yule aliyebaki amfuate. Bibi yetu alikuja kutoka Kashebere kwa miguu, akakaa mlangoni kuhakikisha hakuna mwanamke anayepiga yowe. Ndugu yangu alizikwa asubuhi na mapema nyuma ya nyumba, kando ya migomba, bila kilio na bila matanga. Wanawake walifagia uwanja, wakapika, tukala. Nilimwona Mama akiuma pindo la kitambaa chake. Hakulia siku ile, na hakulia miaka kumi iliyofuata.

Badala ya kulia, alifanya kila kitu mara mbili. Akinipa kiazi, alinipa viwili, kimoja kila mkono, nami nilikula cha kulia, kisha cha kushoto. Akininunulia kitambaa cha kaptula, alinunua cha mbili, akashona zote kwa kipimo changu. Ya kwanza nilivaa. Ya pili aliikunja akaiweka kwenye kikapu kilichoning'inia juu ya moshi. Na kila nilipokua, aliitoa ile ya zamani akaweka mpya kubwa zaidi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa kulikuwa na suruali ndefu ndani ya kikapu kile. Nilikuwa naogopa kupita chini yake, nasema wazi. Ndugu yangu alikuwa anakua mle ndani.

Misioni nilisoma mpaka darasa la mwisho walilokuwa nalo. Mwalimu wetu, mtu mkavu asiyependa mchezo, alitufundisha barua ya kuomba kazi kwa miezi miwili mizima. Pembeni uache nafasi ya vidole vinne. Uanze kwa heshima, lakini usipige magoti. Useme umri wako, ulikosoma, ulichofanya, na siku unayoweza kufika. Tulipenda sana kuandika kwamba nyumbani kuna njaa na baba ni mgonjwa, naye alikuwa akipiga mstari mwekundu juu yake.

"Muzungu hatafute muntu mwenye njaa," alituambia. "Anatafuta muntu mwenye kazi. Na hapana kusema unajua. Sema ulifanya nini, njo yeye mwenyewe atasema unajua."

Sijasikia mafundisho mazuri kuliko hayo, na nimeyauza maisha yangu yote.

Basi, kukatokea mchuuzi mmoja wa chumvi, mtu wa njia ya Kashebere, akaleta habari kwamba mgodi wa dhahabu upande wa Omate unatafuta makarani na mafundi. Niliandika barua yangu siku hiyo hiyo. Nikawasomea wazazi wangu jikoni, Mama akiwa amekaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu akichambua maharagwe. Papa alisema ni barua nzuri. Mama hakuinua macho.

"Na mwenzako?" akauliza.

"Mama," Papa akasema, "hii ni barua ya Wazungu. Haiko kiazi."

"Anaomba kitu," Mama akasema. "Hakuna siku ameomba kitu peke yake. Unataka aanze leo, na anaenda mbali na macho yangu?"

Papa alichukua jembe akaenda shambani, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Ndivyo alivyokuwa akibishana na Mama.

Nikaandika upya. Nilijiambia Mzungu atatupa macho kwenye majina mawili na kuchagua moja, haitamdhuru mtu. Kwa upande wangu niliandika ukweli, nao ulikuwa mfupi: nasoma, naandika, najua hesabu. Kwa ndugu yangu ilinibidi nitulie. Nilikaa na kalamu mkononi, nikamtazama pale ambapo angekuwa amesimama, na maneno yakaja yenyewe. Niliandika kwamba ndugu yangu ni mtu wa mbao. Kwamba anatumia tezo bila kufundishwa na mtu. Kwamba alimtengenezea mama yetu kiti ambacho mama anakikalia mpaka leo. Hasemi sana. Hanywi pombe. Akianza kitu haachi mpaka kimekwisha, hata akiitwa kula. Hajawahi kumpiga mtu.

Hakukuwa na uongo hata mmoja kati ya hayo. Yote yalikuwa kweli, ila yalikuwa ya mtoto wa miaka minane. Chini niliandika majina mawili, na umri mmoja.

Mchuuzi aliipeleka. Baada ya mwezi hivi alirudi na jibu: wafike wote wawili. Nilimsomea Mama, akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisimama, akashusha kikapu, akaitoa ile suruali ndefu na shati lake, akaviweka ndani ya mzigo wangu juu ya nguo zangu.

Nilitembea siku tatu. Milima yetu ina baridi na unaona mbali. Ukishapita Kashebere unaanza kushuka, miti inafunga, na hatua zako hazisikiki tena kama zako peke yako. Mara mbili niligeuka kuangalia nyuma. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa kijana wa misioni, nina medali ya Bikira shingoni, na niligeuka mara mbili.

Karani mkuu wa mgodi alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, mwenye sauti ya kuchoka. Barua yangu ilikuwa mezani kwake. Alinitazama, akatazama mlango nyuma yangu.

"Mwenzako iko wapi?"

Neno lilikuwa moja tu. Kama ningelisema pale, angeguna, angekata jina kwa rula, na habari ingekuwa imekwisha. Lakini sijawahi kulisema maishani mwangu. Nilijua ningelisema ningekufa, nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu, na Mama alikuwa amemeza kilio miaka kumi ili lisisemwe.

"Iko nyuma, Papa karani," nikasema. "Anakuja."

"Afike mbio," akasema. "Makarani iko wengi hapa, sikufiche. Bwana alikubali barua yenu sababu ya ule fundi. Mifereji ya mbao ya kuosha muchanga inaoza, na mafundi hatuna. Wewe ulikuja nyuma ya mukono yake."

Akatuandika wote wawili kwenye kitabu. Kila aliyeajiriwa alipewa blanketi, na blanketi ndilo lililokuwa mkataba: ukishalipokea, wewe ni mtu wa mgodi. Nilitia sahihi yangu. Kisha akanisogezea mstari wa pili, nami nikatia sahihi ya ndugu yangu. Mchuuzi alipopita nilimpa blanketi moja alipeleke kwa Mama. Hakuuliza ni la nani. Nilisikia baadaye kwamba Mama alilikunja akaliweka kwenye kikapu.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya apeli. Alfajiri watu walijipanga mbele ya ofisi kwenye ukungu, nami nikasimama juu ya sanduku na kitabu, nikiita jina moja moja. Aliyepo aliitika, nikaweka msalaba. Asiyekuwepo niliweka sifuri. Sikuwa nimefikiria, mpaka nilipofungua ukurasa siku ya kwanza, kwamba jina la ndugu yangu lilikuwa chini ya langu, na kwamba ni mimi nitakayeliita.

Kwetu nyumbani hakuna aliyekuwa amelitamka kwa sauti tangu azikwe. Nililiita kwa sauti ndogo. Karani mkuu, aliyekuwa dirishani, akaniambia niseme kama mwanamume. Nikaliita tena. Watu wote walinyamaza kusikiliza, kama wanavyofanya jina jipya likiitwa. Kisha, kutoka mstari wa nyuma, mtu mmoja akasema:

"Anakuja."

Kalamu iliniponyoka. Aliyesema alikuwa mwindaji wa msitu aliyeletwa kazini kwa kukimbia kodi, mtu wa masikhara, amekosa kidole kimoja. Adhuhuri nilimfuata, nikamuuliza kwa nini alisema vile.

"Minakuona unakula kwa mikono mbili," akanijibu, na safari hii hakuwa anatania. "Mimi ni muntu wa kwenu, wa upande wa mama yako. Jina ya pacha ikiitwa na hakuna muntu anaitika, ule mwingine njo ataitika. Unataka kuitika wewe?"

Tangu siku hiyo kila alfajiri nililiita, naye akajibu. Baada ya juma moja wengine walianza kumsaidia, kwanza kwa kucheka, kisha kwa mazoea tu, mpaka watu wote waliokuwa kwenye ukungu ule wakawa wanaitika kwa pamoja, "Anakuja," nami naweka sifuri. Hadi leo mtu akichelewa mahali, na mwingine akasema anakuja, mimi husimama nikatoka nje.

Ukurasa wa mwezi ulijaa sifuri. Karani mkuu aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vitabu, na kitabu kilisema kwamba mtu amepokea blanketi la mgodi, ametia sahihi, na hajafika. Huyo ni mtoro wa kazi, na mtoro anatafutwa na polisi wa Leta, yaani serikali. Alikuwa ameandika barua kwa teritwari, ofisi ya wilaya, kuomba mtoro huyo akamatwe kwao, Kingi. Ila mwandiko wake ulikuwa mbaya, naye alijua.

"Wewe uko na mukono muzuri," akaniambia. "Nakili hii. Na kama unajua kitu juu ya ndugu yako, sema sasa, mbele sijatia sahihi."

Alivua miwani akangoja. Alinipa nafasi, siwezi kumlaumu. Nilikaa kwenye kiti chake, nikaacha nafasi ya vidole vinne pembeni, nikanakili yote. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Niliogopa kufa, niliogopa kifungo kwa kudanganya, na niliipenda kazi yangu. Basi nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba ndugu yangu atafutwe, aletwe.

Majuma mawili yakapita. Mchuuzi wa chumvi akanikuta kwenye sanduku langu, asubuhi, katikati ya apeli.

"Rudi kwenu," akasema. "Mama yako iko analia tangu siku tatu."

Nilimkabidhi mwindaji kitabu, ingawa hakujua kusoma, nikaondoka hivyo hivyo bila ruhusa. Ndivyo nilivyoipoteza kazi ile. Njiani nilikuwa nikijigusa kifua kila baada ya muda kusikiliza kama bado kunadunda, kwa sababu nilishaelewa kwa nini Mama analia. Mtu halii miaka kumi baadaye ila neno limesemwa.

Papa alinisimulia. Polisi mmoja alifika na karatasi yangu, akasimama uwanjani, akasoma jina. Mama alitoka jikoni. Polisi akauliza mtoto wake amejificha wapi. Mama akasema iko safari, kama alivyozoea. Polisi akaingia ndani, akapekua, akalitoa blanketi kwenye kikapu, akaja nalo nje ameliinua juu majirani walione. Akasema mtoto wa nyumba hii ni mwizi: amekula blanketi ya watu na amekimbia kazi.

Papa alisema Mama alimwendea polisi karibu sana.

"Mutoto yangu hakukimbia kazi," akasema. "Hakuna siku alikimbia kazi. Mutoto yangu alikufa."

Kisha akamshika polisi kwa mkono, mwanamke ambaye hakuwahi hata kumwangalia polisi usoni, akampeleka nyuma ya nyumba mpaka kwenye migomba, akamwonyesha pale chini. Na hapo ndipo alipoanza kulia. Polisi alivua kofia yake. Alisimama kidogo, halafu akakunja blanketi, maana lilikuwa mali ya mgodi, akaondoka nalo.

Nilimkuta jikoni, kwenye kiti chake. Sauti ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni pumzi tu. Aliponiona alisimama akanishika mikono, mabega, uso, akaniminya kama mtu anayechagua kuku sokoni. Alisubiri nianguke. Kusema kweli nami nilisubiri. Alinitazama hivyo mpaka alipokufa yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, na mimi nikiwa nimenenepa, na sijui kama siku hata moja alilala usingizi wote kwa ajili yangu.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba karatasi ya polisi niliiandika mimi. Nilitaka anipige. Alitikisa kichwa tu, akakaa.

"Ile barua ingine," akasema. "Ya kwanza. Soma fasi uliandika juu yake."

Nilikuwa na nakala ndani ya kaye, daftari langu la misioni. Nikasoma mahali hapo: kwamba ni mtu wa mbao, kwamba anatumia tezo bila kufundishwa, kwamba alimtengenezea mama yetu kiti. Mkono wake ulishuka ukaugusa ule mguu mfupi. Nikasoma kwamba hasemi sana, kwamba akianza kitu haachi, kwamba hajawahi kumpiga mtu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Papa alikuwa amefika mlangoni, jembe begani, hakuingia.

"Na Muzungu alisoma yote hii?"

"Alisoma yote, Mama."

"Akasema nini?"

Sikuwa nimepanga kumwambia. "Alimukubali," nikasema. "Yeye njo walimutaka. Mimi nilikuja nyuma ya mukono yake."

Mama alisogeza kuni motoni.

"Basi alipata kazi," akasema.

"Ndiyo, Mama. Alipata."